Sauti Yangu, Mikono Yangu

Jumamosi, 7 Februari

Wa tatu! Tena! Jana ukumbini, kwenye usiku wetu wa muziki wa kila Ijumaa, Anti Bernadette kanipanga wa tatu. Baada ya wale watoto wa ukulele, vigitaa vile vidogo, kabla ya daktari wa meno anayeimba amefumba macho. Zamu ya tatu ndiyo ile watu wanapanga foleni ya chakula. Nimepigia migongo gitaa langu. Migongo na sahani za karatasi. Mama mmoja aligeuka, moyo ukaniruka. Kumbe anatafuta sosi ya soya.

Na nani kafunga usiku, kapiga wa mwisho? Rodney Akamine, kama kila Ijumaa. Dereva mstaafu wa basi la shule! Katoka Honolulu juzijuzi tu, miaka sita haijaisha. Anakaa pale mbele, anatabasamu kama mtu anayeomba radhi, anapiga nyimbo mbili, ukumbi mzima kimya, kina mama wanafuta machozi. Na mimi je? Mimi Wendell Kaaihue, mtoto wa mji huu wa Hilo, Hawaii, baba yangu wa Hilo, babu yangu wa Hilo, niliyepaka mistari ya barabara nusu ya kisiwa hiki mpaka nikastaafu! Mimi napigia migongo!

Watu wa hapa masikio wanayo. Ya kuvalia miwani.

Asubuhi binti yetu Nohea kapiga simu kutoka Las Vegas. Anakuja Alhamisi na mtoto. Mwezi ujao mjukuu wangu wa kwanza, Mahealani, anatimiza mwaka, na karamu itafanyika hapa nyumbani, Hilo. Anakuja kutafuta turubai, nguruwe, na mpiga muziki.

Mpiga muziki? Nikamuuliza, mpiga muziki wa nini na baba yako nipo? Akasema, Papa, unakumbuka harusi yangu. Kuna nini cha kukumbuka? Nilipiga vizuri sana! Eti nilishika maikrofoni tangu keki inakatwa mpaka watu wanakunja meza, bwana harusi hakupata hata kushukuru wageni. Bwana harusi mwenyewe hana sauti! Nilimsitiri!

Kisha akasema kasikia kuna Anko Rodney anayepiga vizuri, Ijumaa angependa kwenda ukumbini amsikilize. Kasikia kwa nani? Kwa mama yake! Msaliti anapika jikoni kwangu mwenyewe! Hapo sijui nini kilinipanda. Nikamwambia sawa, na mimi utanisikia, maana mimi ndiye ninayefunga usiku. Akauliza, kila Ijumaa? Nikasema kila Ijumaa. Ululani, mke wangu, alinitazama na mwiko mkononi mpaka wali ukaungua.

Basi. Nina siku sita za kuwa mtu wa kufunga usiku. Mjukuu wangu atimize mwaka, na kwenye gitaa akae dereva wa basi? Labda nife kwanza.

Jumapili, 8 Februari

Njama ya kwanza: Bernadette. Huyu ndiye mwenye funguo za ukumbi, ndiye anayepanga nani apige lini. Mwanamke mwenye mwili, mwenye kicheko, asiyetishika. Nikampelekea laulau zangu, nyama ya nguruwe laini imefungwa kwenye majani, moshi bado unatoka. Nikasifu gauni lake. Nikasifu maua yake. Nikasifu paka wake, ambaye ana jicho moja na tabia mbaya.

Alikula mbili bila kusema neno. Kisha akaniuliza, haya Wendell, unataka nini? Nikasema zamu ya mwisho, Ijumaa hii tu. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema Rodney akifunga, watu wote hubaki wakasaidia kukunja viti. Mimi nilipofunga mara ile moja mwezi wa Novemba, watu walikunja viti huku naimba, na wengine bado wamevikalia.

Uongo mtupu! Aliyekuwa amekalia ni mmoja.

Halafu akaniongezea: Februari ni mwezi wa lugha yetu, kwa hiyo Ijumaa kila wimbo uwe wa Kihawaii, na mwalimu Hi'ilei atasimama pembeni awaeleze wageni maana yake kila mtu akimaliza. Nikasema vizuri sana. Laulau alibaki nazo zote. Na sufuria yangu pia.

Jumatatu, 9 Februari

Njama ya pili. Hii ilikuwa ya akili.

Kila mtu kisiwani anajua kwamba siri ya gitaa letu iko kwenye kulegeza nyuzi. Wazee walikuwa na namna yao ya kulegeza, kila ukoo na yake, na hawakumwonyesha mtu. Babu yangu alikuwa akimaliza kupiga anazivuruga nyuzi zote kabla hajaweka gitaa chini, ili jirani asiibe. Sasa, Rodney naye akimaliza anazilegeza! Nimemwona kwa macho yangu, krr, krr, krr. Kwa hiyo siri anayo. Vidole vyake ni vya kawaida, ujanja uko kwenye nyuzi.

Jumatatu jioni huwa anafanya mazoezi barazani kwake. Nikajibanza kwenye matangawizi yake nikiwa na kile kidude cha kupimia nyuzi. Mvua ikaanza. Hilo hii, mvua haina miadi. Mbu wakafika. Mbwa wake akafika, akanikalia mguu, akaanza kunilamba goti. Nikajikaza kisabuni.

Rodney hakuinua hata kichwa. Akasema tu, kaka Wendell, njoo upande wa bati, unalowa.

Ebo! Nikamwambia natafuta paka wangu. Sisi hatuna paka. Akasema pole, akaenda kunitafutia cha kukalia, akarudi na ndoo, maana baraza lile lina kiti kimoja. Kikombe pia ni kimoja. Kahawa akanipa mimi kwenye kikombe, yeye akanywea kwenye bakuli. Halafu, bila kuulizwa, akanitajia nyuzi zake zote, moja baada ya moja, na namna kila moja inavyolegezwa! Akanipigia kabisa nisikie! Eti anazilegeza baada ya kupiga kwa sababu shingo ya gitaa lake ni kuukuu, zikibaki zimekazwa inapinda. Eti, ungeniuliza tu, kaka.

Mtu anayetoa siri kirahisi hivyo ana siri nyingine kubwa zaidi. Nilikataa hata kusikiliza.

(Nilisikiliza. Nimefika nyumbani nimelegeza vilevile, uzi kwa uzi. Nimepiga. Bado ni mimi.)

Jumanne, 10 Februari

Nimeipata! Nimeipata!

Watu wakubwa wa zamani walikuwa na nyimbo za majina yao. Wimbo wa kukusifu wewe, kwa jina lako, unaimbwa mbele za watu, na tangu siku hiyo hakuna anayekuchukulia poa. Nani kafanya nisiwe na wangu? Uvivu wa watu! Basi nimejitungia. Beti nne. Nimetunga kabla ya chakula cha mchana, nikashangaa mwenyewe.

Tatizo ni lugha. Rika letu hatukufundishwa. Bibi yangu alikuwa akizungumza na dada zake kwa Kihawaii pale walipotaka sisi watoto tusielewe, na alifanikiwa. Mimi najua maneno ya chakula na maneno ya kugombeza. Kwa hiyo nilienda kwa mwalimu Hi'ilei, anayefundisha watu wazima jioni, binti mdogo lakini lugha anaifahamu kama jiko la mama yake. Akanisahihisha mstari kwa mstari. Kibwagizo kimetoka hivi: Nani ko'u leo, nani ko'u lima. Maana yake, nzuri sauti yangu, mizuri mikono yangu. Ubeti wa pili, vidole vyangu ni mvua ya Hilo juu ya majani. Wa tatu, anisikiaye husahau njia ya kwao. Wa nne, nani kama mimi? Kimya. Hawampati! Hakuna mstari usio na ko'u ndani yake.

Akasoma tena, akainua macho. Akauliza, Anko, huu ni wimbo wa jina la nani? Nikasema wangu. Kautunga nani? Mimi. Vijana hawa wana adabu mpaka inauma. Akaniambia, samahani Anko, lakini mtu hajitungii wimbo wa jina lake. Anakutungia mwingine, anakupa, na ukishapewa mbele za watu ni wako, haurudishwi tena.

Nikamwambia, mwanangu, nina miaka sitini na saba. Hakuna aliyeniletea wimbo. Hakuna aliyeniletea hata ubeti. Nisubiri mpaka niwe kwenye sanduku? Akasema nifikirie tu. Nikasema nimeshafikiri, tena nilifikiri haraka kwa sababu jibu ni rahisi. Akaniandikia vizuri kwenye karatasi, akanipa, akanitazama kwa huruma. Huruma hiyo sikuiomba.

Na mpango ni huu: Rodney namkalisha mstari wa mbele kabisa. Naimba nikimtazama machoni. Kila nikifika kwenye sauti yangu, mikono yangu, namnyooshea kidole, asikie vizuri. Atakiona cha mtema kuni.

Jumatano, 11 Februari

Mazoezi tangu alfajiri. Saa nne Ululani akatoka jikoni, mikono imejaa magamba ya samaki, akaniuliza nimekwamwa na nini. Nikasema naimba. Akasema, unaimba? Mimi nimekuja na mkate nikusukumie huo mfupa! Eti kila mstari nakatakata kooni, ko, ko, ko, kama kuku anayetaka kutaga na hana yai. Eti nilainishe.

Nilinuna. Nilinuna vya kutosha. Kisha nikajirekodi kwenye simu nikajisikiliza.

Ilikuwa mfupa.

Basi nikafanya kazi! Asali. Maji moto. Tangawizi. Nimelala chali sakafuni naimba mstari mmoja mpaka mgongo ukafa ganzi. Kila mahali koo linapojikata, narudia, nalainisha, narudia. Mimi nimefanya kazi ya barabara, najua kusawazisha. Kufikia jioni hakuna kikwazo hata kimoja, maneno yanateleza kama lami mpya. Ululani akaweka kisu chini. Akasema, sasa hiyo ni tamu, Wendell. Neno hilo sijalisikia tangu enzi za uchumba.

Limebaki moja: bado mimi ni wa tatu. Njama ya tatu, basi. Nikampigia simu Rodney, nikamwambia Ijumaa wamesogeza mbele, tunaanza saa mbili usiku badala ya saa kumi na mbili. Nilitaka afike tayari nimeshafunga mimi. Akanishukuru sana. Akasema haina shida kaka, mimi huwa naenda saa kumi alasiri kupanga viti.

Viti! Mtu gani anapenda viti namna hii?

Alhamisi, 12 Februari

Wamefika. Uwanja wa ndege tulikuwa sisi wa kwanza, Ululani na mashada ya maua mkono mzima. Nohea kakonda. Mahealani nimempakata mwenyewe. Alinitazama kwa makini, akanishika pua, akaivuta kwa nguvu zake zote. Macho yakanijaa. Wanaweka viyoyozi vikali sana pale.

Kwenye gari Nohea akaniuliza kesho napiga nini. Nikasema utaona. Akatazama nje kwenye mvua. Akasema, Papa, siku moja tu ningependa nikusikie unampigia mtu. Nikamwambia kila anayesikiliza ni mtu. Akaanza kumfunga mtoto kiatu.

Tulisimama dukani kununua samaki mbichi wa kukatwakatwa, maana binti yangu kazoea vya Las Vegas, hajui tena anachokosa. Na nani yuko mbele yetu kwenye foleni? Rodney! Ana kifuko cha mtu mmoja. Akamsalimia mtoto, akamtolea ulimi. Mahealani akacheka! Mimi kanivuta pua, yeye kamchekea!

Hapo Nohea akamwambia, Anko, nina hamu sana kesho, namsikia Papa akifunga usiku.

Nilikufa. Nimesimama pale, kilo ya jodari mkononi, nimekufa. Rodney akanitazama. Mimi nikamtazama jodari. Kisha Rodney akamwambia Nohea, polepole kabisa: ndiyo, kesho ni baba yako anayefunga, usikose. Akalipa, akaenda zake.

Amesalimu amri! Kaogopa! Jioni Bernadette akapiga simu, kanuna, akaniambia Rodney kanipa zamu yake kwa hiari, nami nimshukuru. Nimshukuru mtu niliyemshinda? Ng'o!

Sikula sana. Samaki hakuwa mbichi wa kutosha.

Ijumaa, 13 Februari

Alasiri. Naandika upesi. Nimeshaenda ukumbini. Nimechukua kiti kizuri kuliko vyote, chenye mto, nikakiweka mstari wa mbele, katikati, nikakibandikia karatasi: RODNEY. Yeye mwenyewe alikuwa pale anapanga vingine. Akaona. Akaguswa, maskini. Akasema hajawahi kuwekewa kiti.

Kaa tu, bwana. Kaa vizuri.

Sauti iko sawa. Shati la maua mekundu limepigwa pasi. Ululani kaniuliza kama nina uhakika. Uhakika ninao mpaka unamwagika. Nohea anampaka mtoto mafuta chumbani, namsikia anamwimbia. Leo ananiona. Leo ananiona mimi, na karamu ni yangu, na hakuna mtu wa basi.

Jumamosi, 14 Februari

Sijui nianzie wapi. Naanzia mlangoni.

Ukumbi ulijaa. Mvua ikipiga bati. Watoto wa ukulele wakapita, daktari wa meno akapita na macho yake yamefumbwa, wengine wakapita. Rodney kaketi kwenye mto wake, mikono juu ya magoti. Nohea mstari wa pili, mtoto mapajani. Kisha Bernadette akataja jina langu kwa sauti ya mtu anayemeza dawa.

Nikapanda. Nikaanza. Jamani, sauti ilitoka! Ilitiririka! Kibwagizo cha kwanza nikamnyooshea Rodney kidole, nikamtazama machoni. Akashtuka. Nikasema moyoni, bado! Mwalimu Hi'ilei pale pembeni akaweka mkono mdomoni. Watu wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, wanamtazama Rodney. Nikajua wanaiona aibu yake. Ubeti wa tatu Rodney akainamisha kichwa. Nikaurudia ubeti wa tatu! Mara mbili! Nilitaka aishe kabisa! Ubeti wa nne nikauvuta, nikauvuta, nikamsogezea kidole karibu na pua yake. Nani kama mimi?

Kimya. Hakuna kiti kilichokunjwa. Hakuna sahani. Kisha watu wakasimama. Wote! Na chakula kilikuwa kimekwisha, kwa hiyo walisimama kwa ajili yangu.

Hi'ilei akachukua maikrofoni. Akawaambia wageni kwamba walichosikia ni wimbo wa jina, kitu ambacho siku hizi ni nadra, na kwamba Anko Wendell kautunga kwa mkono wake na usiku huu kampa Anko Rodney. Akawatafsiria: sauti yako ni nzuri, mikono yako ni mizuri. Vidole vyako ni mvua ya Hilo juu ya majani. Akusikiaye husahau njia ya kwao. Nani kama wewe?

Nikasema moyoni, yako? Yako ya nani?

Akanigeukia, akanong'ona machozi yanamlenga. Anko, umebadilisha. Jumanne mistari yote ilikuwa ko'u. Leo umeimba kou. Umenisikiliza.

Ko'u, ukikata koo katikati, ni yangu. Kou, ukiteleza moja kwa moja, ni yako. Ndiyo tofauti yote. Kukata koo kidogo tu! Na mimi Jumatano nzima nilikuwa sakafuni na asali, nafuta kila mahali koo linapojikata!

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo niseme ni koo tu, ni asali, rudisheni, ule ni wimbo wangu. Lakini Rodney alikuwa ameshapanda jukwaani. Akanikumbatia. Ni mfupi, kichwa kilifika kwenye mfuko wa shati langu, na mfuko ukalowa. Akasema, humo humo mfukoni, kwamba tangu mkewe Setsuko afariki hakuna mtu aliyemtengenezea kitu chochote. Hata keki ya siku yake ya kuzaliwa huwa anajinunulia mwenyewe, anawaambia wauzaji ni ya rafiki.

Unamwambia nini mtu aliye mfukoni mwako? Nikatazama juu ya kichwa chake. Nikamwona Nohea kasimama na mtoto begani, analia, hajifuti, ananitazama kama zamani alipokuwa mdogo na mimi ndiye niliyejua kila kitu.

Nikaufunga mdomo. Ululani anasema ni mara ya kwanza tangu anioe. Mimi ndiye niliyemuoa, lakini nimeliacha hilo lipite.

Halafu Bernadette! Bernadette akanyakua maikrofoni akatangaza kwamba wimbo sasa ni mali ya Rodney, na kwa kuwa mtu hawezi kujiimbia sifa zake mwenyewe, basi kila Ijumaa Wendell atauimba kumkaribisha Rodney afunge usiku. Kila Ijumaa! Mpaka mmoja wetu afe! Watu wakapiga makofi. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Nyumbani Nohea akanishika mkono. Akasema, Papa, utapiga kwenye karamu ya Mahealani. Nikauliza, peke yangu? Akasema na Anko Rodney, nyote wawili. Nikauliza nani atafunga. Akacheka, akadhani natania, akanibusu kichwani. Akasema alikuwa anausubiri wimbo ule tangu akiwa msichana, hakujua tu utakuwa wa nani.

Nikaenda bafuni nikafungua maji. Nililia. Nasema ukweli hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Nililia kwa furaha kwa ajili ya mjukuu wangu, na kwa uchungu kwa ajili ya wimbo wangu, na sikuweza kuvitenganisha.

Jumapili, 15 Februari

Kanisani leo! Sijapata kuona!

Kila mtu ananishika mkono. Wendell, hatukujua. Wendell, una moyo. Daktari wa meno kafumbua macho anitazame. Mama mmoja kanipa mkate wa ndizi mzima. Mchungaji kanitaja kwenye mahubiri! Kasema unyenyekevu, kisha kasema Wendell, na watu wakaitikia. Ululani alikohoa sana wakati huo. Baadaye akaniuliza lini nitamwambia Rodney ukweli. Ukweli gani? Wimbo anao. Anaujua kwa moyo. Anauimba akiosha kile kikombe chake kimoja. Nikavuruge kitu kizuri namna hiyo? Mimi si mtu wa roho mbaya.

Lakini nimeketi pale na mkate wangu nikapata mwanga. Miaka yote hii nimejipoteza kwenye gitaa! Gitaa silo. Unyenyekevu ndio uwanja wangu! Sijaufanyia mazoezi hata siku moja, na tayari mimi ndiye wa kwanza Hilo nzima. Fikiria nikijituma!

Hapo nikageuka, na nani yuko jikoni mwa kanisa, kakunja mikono ya shati, anaosha vyombo vya watu wote? Hakuna aliyemtuma! Anatabasamu! Kikongwe mmoja kapita akamwambia, Anko Rodney, wewe kweli mnyenyekevu.

Lo! Siku mbili tu, na ameshaanza kuniiga!

Nikasimama. Nikavua saa. Nikaingia jikoni nikamwondoa kwenye sinki kwa upole mkubwa, mbele ya wote, nikaosha masufuria makubwa yote. Nikaosha na yaliyokuwa safi. Nikateleza kwenye povu. Sasa naandika nikiwa nimelala ubavu, mgongo umegoma, Nohea kaniwekea barafu na ananiita Papa mpenzi, na Rodney kaniletea supu ya tambi na ameketi hapa pembeni, kwenye ndoo, kakataa kiti. Kakataa kiti! Makusudi!

Sawa. Anataka mashindano, atayapata. Yeye kazaliwa hivyo, hajafanya kazi yoyote, hana la kujisifia. Mimi nimejitengeneza mwenyewe, tena kwa siku mbili. Nikipona naanza. Nitamtangulia kila mlango kusema tangulia wewe. Nitamwombea kwa sauti. Nimeshampigia Bernadette simu ili Ijumaa atangaze mnyenyekevu wa mwaka, nikamtajia na jina la kutangaza. Amenikatia simu, lakini nitapiga tena kesho.

Hilo nzima hakuna mnyenyekevu kama mimi, na anayebisha aje anione.